Dakika 37 za kwenye simu: kutoka Makebuko hadi Muyinga ni safari ya muda gani?

(Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.)

Wewe unayesoma karatasi hii ubaoni, au umepewa mkononi kwa sababu betri za redio zimekwisha, maneno ni yaleyale.

Leo tuna swali moja tu, na litatuchukua kipindi kizima. Limeletwa na mama mmoja wa kambi ya mkoa wa Kigoma, Tanzania. Yeye na watoto wamejiandikisha kurudi Burundi, na watashukia Muyinga kwa ukoo wa mume wake. Lakini mama yake mzazi yuko Makebuko, upande wa Gitega. Ni bibi wa miaka mingi, ana tatizo la nyonga, kukaa kwenye gari muda mrefu kunamtesa. Hawajaonana tangu 2015. Sasa amejitokeza kijana mmoja anayesema anaweza kumpatia bibi kiti kwenye ndege, kutoka uwanja wa Gitega hadi uwanja wa Kirundo, na kutoka Kirundo mpaka Muyinga ni karibu. Akafungua simu akamwonyesha: kilomita 99, dakika 37. Jina la uwanja lipo, kilomita zipo, dakika zipo. Anataka nusu ya nauli itumwe mapema kwa simu.

Mama anauliza: nimtumie?

Jibu fupi ni hapana. Usitume hata faranga moja. Lakini jibu fupi halitoshi, kwa maana kijana yule hakutunga namba zile. Ukitafuta mwenyewe kwenye intaneti utazikuta, au zinazokaribiana nazo. Kwa hiyo tuzifungue namba hizo tuone zimetoka wapi. Ukishajua zinavyopikwa, mtu mwingine akikujia kesho na viwanja vingine utamjibu mwenyewe.

Tuanze na kilomita.

Kila uwanja wa ndege duniani, hata ule ambao mbuzi wanalisha juu yake, una alama yake kwenye ramani: namba mbili zinazosema uko wapi kusini au kaskazini, na uko wapi mashariki au magharibi. Kompyuta inachukua alama ya Gitega, inachukua alama ya Kirundo, inapima mstari ulionyooka kati yake. Ndiyo hiyo kilomita 99. Haikuuliza kama kuna barabara, haikuuliza kama kuna mto, haikuuliza hata kama kuna ndege.

Chukua mfano wa hapo ulipo. Kutoka mlango wa nyumba yako hadi bomba la maji, ukirusha jiwe kwa nguvu pengine litafika. Lakini wewe mwenye ndoo unapita kwanza nyuma ya choo cha jirani, unakwepa mtaro, unazunguka uzio wa shule. Jiwe lina umbali wake, na ndoo ina umbali wake. Kwenye simu umeonyeshwa umbali wa jiwe.

Burundi ni nchi ya vilima, na hapo ndipo tofauti inapokuwa kubwa. Angalia safari ambayo wengi mnaijua, Bujumbura kwenda Gitega. Kwa mstari ulionyooka ni zaidi kidogo ya kilomita 60. Kwa barabara ni kilomita 100 hivi. Hizo zaidi ya thelathini zimekwenda wapi? Zimekwenda kwenye kona. Bujumbura iko chini karibu na ziwa, chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, na barabara inabidi ipande hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, kabla ya kuelekea Muramvya na Gitega. Gari halipandi mlima kama mjusi ukutani, linajizungusha. Aliyewahi kupita pale anawakumbuka vijana wa baiskeli wanaoning'inia nyuma ya malori ili wavutwe kupanda. Ni hatari, wengine wamekufa, lakini mtindo wao unakueleza ukali wa ule mlima kuliko ramani yoyote.

Kwa hiyo shika kipimo hiki kwa safari za vilimani: ukipewa kilomita za mstari ulionyooka, ongeza robo mahali penye barabara nzuri isiyo na milima mikali, na ongeza nusu mahali pa kupanda na kushuka. Siyo sheria ya Musa, lakini itakusogeza karibu na ukweli.

Gitega hadi mji wa Muyinga, mstari ni kama kilomita 80. Ukianzia Makebuko, ambayo iko upande wa kusini-mashariki wa mji wa Gitega, mstari haubadiliki sana. Barabara yenyewe ya lami inatoka Gitega, inapita Karuzi, inafika Muyinga, na inakaribia kilomita 100. Huwezi kuukwepa mto Ruvubu, lazima uvuke. Na mtu wa Makebuko ana kipande chake cha kwanza cha kutoka kilimani kwake hadi mjini Gitega, ambacho mara nyingi ni pikipiki au miguu. Simu haikihesabu kabisa kipande hicho, na kwa bibi mwenye nyonga mbovu huenda ndicho kigumu kuliko vyote.

Sasa tuje kwenye dakika. Hapa ndipo watu wengi wanapotegwa.

Kurasa nyingi za intaneti zinazotoa muda wa ndege hazitazami ratiba ya ndege yoyote. Zinafanya hesabu. Zinachukua kilomita, zinagawanya kwa mwendo wa ndege kubwa ya abiria, kama kilomita 800 kwa saa, kisha zinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Fanya nawe: 99 ukigawanya kwa 800 ni kama dakika saba na nusu. Ongeza dakika thelathini. Unapata 37. Ndizo dakika za yule kijana. Ni hesabu ya shuleni. Hakuna rubani aliyewahi kuahidi dakika hizo.

Tena ni hesabu ya ndege isiyoweza kwenda huko. Ndege kubwa ya kwenda kilomita 800 kwa saa inataka njia ndefu ya lami. Uwanja wa kimataifa wa Bujumbura, ambao tangu 2019 unaitwa Melchior Ndadaye, una njia ya mita 3,600, na ndio uwanja wa Burundi wenye ndege za abiria zenye ratiba. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka huohuo wa 2019, lakini uwanja wake ni mdogo, na Kirundo hali kadhalika. Hakuna shirika linalouza tiketi ya Gitega–Kirundo. Shirika la taifa lenyewe, Air Burundi, liliacha kuruka mwaka 2009.

Utauliza: mbona basi majina ya viwanja yapo kwenye simu? Yapo kwa sababu viwanja vipo. Kiwanja kikishaandikwa kwenye orodha ya dunia kinabaki kwenye orodha. Kompyuta inaweza kukupimia umbali kati ya viwanja vyovyote viwili, kama unavyoweza kupima umbali kati ya miembe miwili. Kupima hakuleti ndege.

Na hata pale ambapo ndege ipo kweli, safari fupi haiendi kwa mwendo wa kwenye hesabu. Bujumbura na Kigali ziko mbali kwa kilomita 175 hivi. Kwa mwendo wa 800 ingekuwa dakika 13. Lakini ndege haijamaliza kupanda inaanza kushuka, haipati nafasi ya kukimbia, na kwa kawaida huchukua kama dakika arobaini. Ndege ndogo za injini moja, zile ambazo mashirika ya misaada hutumia kwenye viwanja vya udongo, zinakwenda kama kilomita 300 kwa saa. Kwa kilomita 99 ni dakika ishirini angani, kama hali ya hewa inaruhusu. Mawingu yakikaa juu ya vilima, rubani anasubiri, na abiria anasubiri pamoja naye.

(Muziki mfupi.)

Umerudi nasi. Kuna msikilizaji atasema: lakini wakimbizi wanapanda ndege, nimewaona kwa macho yangu. Ni kweli. Kule Kakuma, kaskazini mwa Kenya, watu waliopata nafasi ya kuhamia nchi ya tatu hupandishwa ndege kwenye uwanja wa hapohapo Kakuma hadi Nairobi, karibu kilomita 600 kwa mstari, na safari hiyo hupangwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Kuna pia ndege za huduma ya kibinadamu ya Umoja wa Mataifa, UNHAS, zinazosimamiwa na Shirika la Chakula Duniani. Hizo hubeba wafanyakazi wa misaada, na wakati mwingine mgonjwa anayehitaji kuokolewa haraka.

Lakini sikia vizuri. Kiti cha ndege hizo hakiuzwi kambini. Hakiuzwi na kijana wa simu, hakiuzwi na mtu mwenye kitambulisho shingoni, hakiuzwi na jirani ambaye "ana mtu wake ofisini". Kujiandikisha kurudi nyumbani ni bure. Kuhojiwa kwa ajili ya kuhamia nchi ya tatu ni bure. Waliokwenda Marekani walisaini mkopo wa nauli usio na riba, wakaurudisha kidogokidogo walipofika na kuanza maisha. Hata huo haukulipwa kambini wala kwa simu ya mtu binafsi. Ukiombwa pesa ili uingizwe kwenye orodha ya ndege, nenda dawati la ulinzi la UNHCR au tia barua kwenye sanduku la malalamiko. Huhitaji kuandika jina lako kama unaogopa.

Ukitaka kumpima anayekuuzia tiketi, mwulize maswali matatu tu. Ndege ya shirika gani? Namba ya safari ni ngapi? Inaruka siku gani za wiki? Tiketi ya kweli ina jina la shirika, na namba ya safari inayoanza na alama mbili za shirika kisha tarakimu. Mwenye dakika 37 peke yake atakuambia "usijali, mambo yanapangwa". Hapo ujue hana ndege.

Sasa jambo la saa. Hili linatusumbua hata sisi wa redio.

Tanzania na Kenya ziko mbele ya Burundi kwa saa moja. Rwanda na Kongo ya mashariki, yaani Uvira, Bukavu na Goma, zina saa ileile ya Burundi. Ikiwa ni saa tatu asubuhi Kibondo, Muyinga ni saa mbili. Simu yako ukiwa karibu na mpaka inaweza kushika mtandao wa upande wa pili ikajibadilisha saa bila kukuuliza. Watu wamefika kwenye kituo cha mabasi wakidhani wamewahi kumbe wamechelewa saa nzima. Msafara ukitangazwa, uliza: ni saa ya Tanzania au ya Burundi?

Kwenye tiketi ya ndege mchezo huo unaonekana wazi zaidi. Muda ulioandikwa kwenye tiketi ni wa saa ya mahali penyewe: kuondoka ni saa ya unakotoka, kufika ni saa ya unakofika. Tuseme tiketi ya Bujumbura kwenda Nairobi inasema kuondoka 14:00, kufika 16:45. Utahesabu saa mbili na dakika arobaini na tano. Sivyo. Toa saa moja ya tofauti: utakaa angani saa moja na dakika arobaini na tano kwa zile kilomita 870 hivi. Kurudi ni kinyume: unaondoka Nairobi 10:00, unafika Bujumbura 10:45, utadhani ndege imegeuka radi. Ni muda uleule, ila safari hii umeongezewa saa uliyonyang'anywa.

Halafu kumbuka tiketi haihesabu saa kama sisi. 14:00 ni saa nane mchana. 02:30 siyo saa mbili na nusu ya asubuhi. Ni saa nane na nusu ya usiku. Na ikiandikwa 02:30 ya Jumatano, ni ule usiku wa kuamkia Jumatano, yaani unatakiwa uwe uwanjani tangu Jumanne usiku. Mtu aliyesubiri nafasi miaka kumi anaweza kuikosa kwa sababu ya mstari huo mmoja. Kama hujui kuusoma, mpe anayejua, na mwambie akuandikie pembeni kwa saa zetu.

(Muziki mfupi.)

Turudi kwa mama yetu na hesabu yake ya kweli.

Kwanza yeye mwenyewe. Wengi hamjui kwamba kutoka mji wa Kibondo hadi mji wa Gitega, kwa mstari, ni kama kilomita 90 tu. Ni karibu kiasi cha kuumiza moyo. Miaka yote hii, nyumbani kulikuwa umbali ambao ndege ndogo ingeumaliza kwa dakika ishirini. Lakini msafara wa kurudi hauendi kwa mstari. Kuna kupakia mizigo tangu alfajiri, kuna ukaguzi wa orodha, kuna mpaka, kuna kituo cha mapokezi. Wanaopita Mabamba na Gisuru hupokelewa Nyabitare, upande wa Ruyigi. Wanaoshukia Muyinga wanakijua kituo cha Kinazi. Pale kuna uandikishaji, kuna uchunguzi wa afya, kuna msaada wa kuanzia, na mtu anaweza kulala hapo kabla ya kupelekwa kwake. Kwa hiyo hesabu siku, usihesabu saa. Chakula cha watoto cha njiani, dawa za mwenye presha na karatasi za kliniki usivifunge kwenye mzigo unaopakiwa kwenye lori. Shika mkononi.

Jambo jingine dogo lenye uzito: mikoa ya Burundi imebadilika. Mwaka 2025 mikoa 18 imekuwa mitano, na komini 119 zimekuwa 42. Muyinga sasa iko ndani ya mkoa wa Buhumuza, Kirundo iko Butanyerera, na Gitega imebaki na jina lake lakini imekua. Ukiulizwa unakotoka, taja yote mawili: jina la zamani unalolijua, na jina la kilima chako. Kilima ndicho kitakachokufikisha mlangoni.

Sasa bibi wa Makebuko. Barabara ya Gitega–Karuzi–Muyinga, gari zima lisilo na haraka, hesabu kilomita 40 kwa saa ukijumlisha kona, masoko na vizuizi. Kilomita 100 kwa 40 ni saa mbili na nusu. Ongeza kipande cha Makebuko hadi Gitega mjini. Ongeza kusubiri gari lijae, na hapo hakuna hesabu inayosaidia: Probox haiondoki mpaka watu wabanwe kuliko viti. Ongeza pia mafuta. Kwa miaka kadhaa sasa Burundi imekuwa na uhaba wa mafuta, foleni za vituo zimekuwa za siku, na nauli hupanda bila taarifa. Kwa hiyo mtu wa Gitega apige simu stendi siku moja kabla, aulize mambo mawili, magari yanatembea? nauli leo ni ngapi? Jibu la juzi limeshachacha.

Ukizijumlisha zote, mweke bibi kwenye safari ya nusu siku. Ni safari inayowezekana ikipangwa. Zile pesa za kijana zikitumika kulipia viti viwili vya mbele ili bibi akae peke yake na kunyoosha mguu, zitakuwa zimefanya kazi kubwa kuliko ndege isiyokuwepo. Wapumzike Karuzi, ambayo iko njiani, ashuke, atembee hatua chache. Dawa ya maumivu aipate kituo cha afya kabla ya kutoka, na amwulize mganga kama safari yenyewe inamfaa.

Na iko njia nyingine, mama, ambayo hukuiandika kwenye barua yako. Bibi asisafiri. Wewe utakapokuwa umefika Muyinga, umepumzika, watoto wameandikishwa shule, barabara ni ileile kutoka upande wako. Wewe una nyonga nzima. Ni saa mbili na nusu, na kipande cha Makebuko.

Tumemsomea jibu hili kwa simu kabla ya kurekodi. Amecheka, akasema kijana alimpigia tena jana, sasa ameshusha bei. Atamwuliza namba ya safari.

Kipindi kijacho tutapokea maswali kuhusu vyeti vya shule vya watoto waliosoma kambini. Leta lako kwa maandishi au kwa mdomo, kwenye kikundi chako cha wasikilizaji, kabla ya Alhamisi saa tisa alasiri. Saa ya Tanzania.

(Muziki wa kufunga.)